Sifuri Zisizo za Kweli: Kupima Dalili za Ukomo wa Hedhi kwa Dodoso
(Mada ya semina ya wauguzi na wakunga, Nguvumali, Tanga)



Maana ya ukomo wa hedhi mnaijua: miezi 12 mfululizo bila damu, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55. Madodoso nayo mnayajua: la Greene lina maswali 21, MENQOL, lililotoka Toronto mwaka 1996, lina 29, na MRS, lililotoka Ujerumani, lina 11, kila swali alama 0 hadi 4. Nitabaki na hili la MRS.

Swali la joto na jasho linataka uangalifu msimu wa kaskazi, maana Februari hapa Tanga kila mtu analowa. Tuulize kama joto humpanda ghafla kifuani na usoni, kisha likapoa. Jasho la usiku lisiitwe malaria kabla ya kipimo, wala moyo kwenda mbio usiitwe presha. Hayo hufundishika kwa siku moja.

Kinachotushinda ni swali la 8, la tendo la ndoa, na la 10, la ukavu ukeni. Dodoso hili limekusudiwa mama ajijazie mwenyewe, faraghani. Kwetu linasomwa kwa sauti kwenye benchi, na kijana wa umri wa kitinda mimba wake, jirani wa mtaani akiwa ameketi pembeni. Mama wa miaka 52 atasema nini? "Sina tatizo, mwanangu." Kijana anaandika 0. Mjane, 0. Aliyenyamaza, 0. Aliye mzima kweli, naye 0.

Sasa tuhesabu. Mama anayestahili alama 18, nane zikiwa za maswali hayo mawili, anatoka na 10. Kwa mgawanyo unaotumika sana, 17 na zaidi ni dalili kali; 10 ni za wastani. Anarudi nyumbani na vidonge vya maumivu, ilhali vilainishi na krimu ya estrojeni vipo. Halafu ripoti inasema wanawake wa pwani hawana shida hizo!

Nimelisema hili katika vikao vingi. Jibu ni lile lile: fomu ni ya kimataifa, haiguswi. Silaumu ngazi yoyote, na ninakubali kwamba swali lisibadilishwe. Lakini kisanduku pembeni hakibadilishi swali.

Kwa hiyo napendekeza pawe na kisanduku cha "hakujibu" na kingine cha "hana mwenza kwa sasa". Maswali ya 8 hadi 10 yaulizwe na muuguzi wa kike mtu mzima, nyuma ya pazia, baada ya shikamoo na mazungumzo. Siku ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi itumike, kwa kuwa faragha tayari ipo. Makungwi washirikishwe; wao wamezoea kuyasema haya bila kumvunjia mtu heshima. Swali la usingizi lisipimwe Ramadhani, watu wanapoamka kula daku. Aliyeuliza aandike jinsia na umri wake. Benchi lisitumike kabisa. Na zaidi ya yote: fomu ambayo swali la 8 au la 10 halikujibiwa isijumlishwe, nafasi ya jumla ibaki tupu, hata kama msimamizi anataka zote zikamilike kabla ya mwisho wa mwezi.