Mabao Matano na Mtu Mmoja

Kwetu Masieda, wilayani Mbulu, ni mbali na viwanja vya Dar es Salaam. Mpira wa Simba na Yanga ulitufikia kwa redio. Hivyo wengi wetu tulimjua Patrick Mafisango kwa masikio tu.

Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0. Bao moja lilikuwa lake, la penalti. Watani wetu walitaniwa mpaka wakakwepa njia ya sokoni. Siku 11 baadaye, Mei 17, redio ile ile ikatangaza kwamba Mafisango amefariki kwa ajali ya gari jijini Dar es Salaam. Utani ukakoma, Yanga wakaja kutupa pole.

Alizaliwa Kinshasa, akaichezea timu ya taifa ya Rwanda, akapendwa Tanzania. Mwili wake ulirudishwa kuzikwa Kinshasa. Sisi hatuna kaburi la kuzuru.

Basi, ndugu yangu, mwanao akikuuliza habari za yale mabao matano, usimhesabie tu. Mtajie na wafungaji. Hesabu imeandikwa vitabuni, lakini mtu hukaa vinywani mwa waliompenda.