Kuomba Nafasi Oxford na Cambridge: Maneno kwa Vijana Waliomaliza Sekondari

(Mazungumzo ya mhamasishaji wa jamii kwa vijana na wazazi, Mwakiro)



Mmeniuliza mara nyingi kama mkimbizi anaweza kwenda kusoma Oxford au Cambridge. Inawezekana. Lakini mlango ule ni mwembamba, na nje yake wamekaa wezi. Nitaanza na wezi kwa sababu habari yao haiwezi kungoja.

Kuna watu wanaowapigia vijana simu wakisema wana nafasi za Uingereza, ila kwanza ulipe pesa ya dosye. Kijana anauza mgao wa nyumba nzima, wadogo zake wanalala na njaa, kisha ile namba ya simu haipatikani tena. Sikia basi namna kazi inavyokwenda. Maombi ya digrii ya kwanza katika vyuo vya Uingereza hupitia ofisi moja inayoitwa UCAS. Unajaza mwenyewe kwenye intaneti, unachagua mpaka nafasi tano, na ada yake yote haifiki pauni 30. Oxford na Cambridge hawatoi nafasi ya digrii ya kwanza bila kukuhoji. Kwa hiyo ukiletewa barua ya kukubaliwa kwa WhatsApp, na hujafanya mtihani wala hujaulizwa swali, hiyo barua ni ya uongo. Na msaada wa HCR hauuzwi. Anayekudai pesa kwa jina la HCR, mshitaki.

Sasa tarehe. Vyuo hivi viwili hufunga maombi tarehe 15 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Huwezi kuomba Oxford na Cambridge kwa mwaka mmoja, chagua kimoja. Masomo mengi yana mtihani wa kuingilia. Usaili wa Oxford ni Desemba na hufanyika kwa intaneti, hivyo tafuta mapema mahali penye umeme na mtandao usiokatika. Majibu hutoka Januari.

Kwenye maombi kuna sehemu ya kujieleza. Zamani ilikuwa insha moja. Kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea imegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unataka somo hili, masomo uliyopitia yamekuandaa vipi, na nje ya shule umefanya nini cha kukuandaa. Herufi zote zisizidi 4,000. Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Tumefundishwa kuandika barua ya kuomba kwa unyenyekevu, "nina heshima kubwa kuja mbele ya ofisi yenu tukufu", halafu tunaeleza vita, safari na njaa mpaka karatasi inaisha. Yule mwalimu anayesoma anataka kujua kama unalipenda somo na kama unaweza kulifikiri. Ukiomba hesabu, mweleze swali lililokunyima usingizi na namna ulivyolizunguka. Ukiomba sheria, mweleze ulichokiona wazee walipokaa kupatanisha watu wa bloku mbili juu ya maji, na kwa nini uliona uamuzi ule ni wa haki au si wa haki. Ukimbizi wako utaje, ni sehemu ya maisha yako, lakini usiufanye ndio somo unaloomba.

Tuje kwenye diploma. Wengi wetu tuna diploma ya serikali ya Kongo, ile ya Exetat. Oxford na Cambridge huangalia mitihani kama A-level ya Waingereza au bakaloria ya kimataifa, na diploma yetu peke yake kwa kawaida haiwatoshi. Waandikie kwanza ofisi ya kupokea wanafunzi ya chuo chenyewe, ueleze una karatasi gani, uulize kinachopungua. Kuuliza ni bure. Kisha kuna Kiingereza. Sisi tumesoma kwa Kifaransa, nao kwa masomo mengi wanadai alama 7.5 katika mtihani wa IELTS, na isipungue 7 katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea. Si alama ya kupata kwa miezi mitatu. Tena matokeo yake huhesabiwa kwa miaka miwili tu, usikimbilie kuufanya kabla ya wakati.

Na pesa. Kwa mwanafunzi wa kutoka nje, Oxford mwaka 2025 ilidai zaidi ya pauni 35,000 kwa mwaka wa masomo, bado chakula na kulala. Hakuna baba hapa wa kulipa hiyo, wala mjomba wa Bujumbura. Kwa hiyo bila basari hakuna safari. Oxford kwa miaka mingi imetoa basari iitwayo Reach Oxford kwa vijana wa nchi maskini ambao hawawezi kusoma kwao kwa sababu ya siasa, umaskini au kukosa vyuo vya kufaa. Inalipa ada, matumizi na tikiti ya ndege. Lakini ni watu wachache mno kwa mwaka kwa dunia nzima, na somo la udaktari halimo.

Ndiyo maana mimi nawashauri njia nyingine, ingawa najua haina sifa kijijini. Tafuteni kwanza basari ya DAFI, ambayo HCR na serikali ya Ujerumani wameitoa tangu 1992, mkasome digrii ya kwanza hapa hapa Burundi. Ukimaliza na alama nzuri ndipo uombe digrii ya pili Uingereza. Huko milango imeongezeka: basari za Mastercard Foundation katika Oxford, Cambridge na Edinburgh ni za Waafrika, na waliokimbia makwao wanakumbukwa. Mwalimu Nyerere naye alipita Makerere kwanza, akafundisha, ndipo akaenda Edinburgh mwaka 1949.

Aliyeanguka Exetat au kupata asilimia 52 asijifiche nyumbani. Ali Mazrui wa Mombasa alipata daraja la tatu katika mtihani wa sekondari, na Makerere haikumchukua. Alifanya kazi, baadaye akapata nafasi ya kwenda Uingereza, akamaliza Manchester mwaka 1960 na kupata udaktari wa Oxford mwaka 1966. Wakati huo Makerere ile ile ilikuwa imekwisha mfanya profesa. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964, akasoma Canterbury, mji ambao hapa hakuna anayeutaja. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Msiuze mgao kwa ajili ya majina mawili tu.

Wazazi, na mabinti pia. Msiseme Uingereza ni mbali kwa msichana huku kaka yake mnamtafutia nauli.

Jambo la mwisho ni karatasi. Mkimbizi husafiri kwa hati ya safari ya Mkataba wa 1951, na hapa Burundi huombwa kupitia ONPRA. Huchukua muda, basi uliza mapema, na uulize pia juu ya haki ya kurudi. Wengi waliovuka Ruzizi mwaka 2025 walifika bila bulletini wala diploma. Kama uko hivyo, andika leo, wakati bado unakumbuka: jina la shule, jina la prefe, opsheni, mwaka wa mtihani, namba yako ya mtihani na asilimia uliyopata. Mwenye picha ya diploma kwenye simu aitume kwa ndugu wawili, maana simu huibwa. Kisha leteni majina yenu kwenye ofisi ya jamii, tujue ni wangapi wanaotafuta nakala na wametoka shule zipi.