Refa wa Watoto na Wavu Uliotoboka
(Hotuba ya wajumbe wa michezo mbele ya wazazi, walimu wa timu na wageni)



Tumepewa dakika chache katika sherehe hii tuseme neno juu ya michezo ya watoto. Wengine mlitegemea tusome majina ya timu zilizoshinda. Hayo yamebandikwa ubaoni, kila mtu atayasoma kwa nafasi yake. Sisi tumeona tuseme juu ya jambo lililotusumbua kuliko mipira iliyopasuka, nalo ni ugomvi juu ya uamuzi wa refa.

Wengi wenu mlikuwapo siku ile. Zilicheza timu mbili za watoto wa chini ya miaka 14, nazo zilikuwa bila bila mpaka karibu na mwisho. Mpira ukapigwa kutoka kulia, ukapita nje ya mlingoti, ukaingia golini kwa pembeni, pale wavu ulipotoboka. Nyavu zetu mnazijua: ni nyavu kuukuu za wavuvi tulizoomba kule ufukoni, na panya nao wamechukua fungu lao. Refa alikuwa mbali, na jua la saa kumi linalotoka upande wa ziwa lilimpiga usoni. Aliona mpira umetulia ndani, akapuliza kipenga na kuonyesha kati.

Watoto walilalamika kidogo, kama watoto walalamikavyo. Walioingia uwanjani ni sisi wakubwa. Hazikupita dakika mbili, hakuna aliyekuwa akitaja mpira tena. Yalisikika maneno ya "ninyi mliorudi juzi kutoka Tanzania", na ya "ninyi wa ng'ambo ya ziwa", na mengine ambayo hatutayarudia mbele ya watoto. Refa mwenyewe ni kijana wa miaka 17. Alitolewa uwanjani katikati ya akina mama watatu waliomkinga kwa vitenge vyao, na kwa wiki tatu hakushika kipenga.

Tuseme wazi: lile goli halikuwa goli. Refa alikosea, na aliporudi alikiri bila kuulizwa. Lakini kosa lake lilikuwa la jicho. Letu lilikuwa la kutaka.

Hapa Gatete tunaishi watu wa safari nyingi. Wako wenyeji, wako waliokimbia mwaka 1972 wakarudi na watoto waliozaliwa Tanzania, wako walioyahama makao yao katika vita vilivyoanza mwaka 1993, na wako waliovuka ziwa kutoka Kongo. Kesi za mashamba ya michikichi katika Rumonge zinajulikana na kila mmoja wetu. Kwa hiyo mtu anapopiga kelele "tumedhulumiwa" kando ya uwanja, anayemsikia hafikirii wavu. Anafikiria shamba la baba yake. Ndiyo sababu tunaliona neno la refa kuwa zito hapa kuliko pengine.

Msidhani nyavu hutoboka kwetu tu. Tarehe 18 Oktoba 2013, katika ligi kuu ya Ujerumani, Stefan Kießling wa Leverkusen alipiga kichwa, mpira ukaingia kwa pembeni kupitia tundu la wavu, na refa akalikubali goli. Leverkusen walishinda 2 kwa 1. Hoffenheim walipeleka malalamiko kwenye mahakama ya chama cha mpira, wakakataliwa: refa alikuwa amekwisha kuamua. Lakini katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1994, Thomas Helmer wa Bayern alipewa goli wakati mpira ulipita nje kabisa. Safari ile chama kiliamuru mchezo urudiwe. Nürnberg waliodai haki wakapigwa 5 kwa 0, na mwisho wa msimu wakashuka daraja. Tunacheka, lakini lipo la kuona hapo. Mara zote mbili aliyeonewa alipeleka shauri lake mezani, baada ya mchezo, na mchezo wenyewe ulichezwa hadi mwisho.

Walioondoka uwanjani tunawajua pia. Katika Kombe la Afrika la mwaka 1978 kule Ghana, Tunisia walitoka dakika ya 42 wakipinga urefa, matokeo yakiwa 1 kwa 1. Nigeria wakapewa ushindi wa mezani na nafasi ya tatu.

Sasa, sheria inasemaje? Sheria ya 5 inasema uamuzi wa refa juu ya mambo ya mchezo ni wa mwisho. Lakini inampa mlango: anaweza kubadili uamuzi wake akitambua amekosea, au akiambiwa na msaidizi wake, mradi mchezo haujaanzishwa tena. Siku ile mlango ulikuwa wazi. Mpira ulikuwa bado haujawekwa kati. Kama tungekuwa na washika vibendera, mmoja angemwita refa na kumwonyesha lile tundu, na goli lingefutwa kwa amani. Hatukuwa nao. Na tulipojaa uwanjani sisi, hata mtoto aliyeliona tundu hakuweza kumfikia refa.

Mzee mmoja alituuliza: mbona bashingantahe husikiliza pande zote mbili kabla ya kukata shauri, na huyu kijana anakata kwa pumzi moja? Swali zuri. Mushingantahe ana siku nzima, ana wenzake, na watu wameketi. Refa ana nukta moja, tena anakimbia. Kwa hiyo tumekubaliana kuvitenganisha. Uwanjani lipo neno la refa. Baada ya mchezo lipo baraza: nahodha na mwalimu wa timu wataleta shauri siku hiyo hiyo kwa wajumbe wa michezo, wazee wawili watakaa nasi, na refa ataulizwa kwa heshima aliona nini. Matokeo hayatabadilika, ila pale sheria yenyewe ilipovunjwa, kama kuchezesha wachezaji 12. Lakini kosa litatajwa kuwa ni kosa, mbele ya wote. Tumegundua watoto huridhika na hilo upesi kuliko baba zao.

Uwanjani, nahodha peke yake ndiye atakayesema na refa. Anayembishia atakaa nje kwa muda kisha atarudi, maana sheria za kimataifa tangu mwaka 2017 zinaruhusu adhabu hiyo kwa michezo ya vijana. Kwa mchezo wetu wa dakika 60 tumeweka dakika 6. Mzazi atakayevuka mstari, mchezo utasimama mpaka arudi nyuma, na timu ya mtoto wake itamngoja ikimtazama.

Na ninyi watoto, mnaweza kumsaidia refa. Mwaka 2012 Miroslav Klose wa Lazio alifunga kwa mkono dhidi ya Napoli. Refa alikubali goli. Klose akamwambia ukweli, goli likafutwa, na Napoli wakampa mkono. Lazio walifungwa 3 kwa 0 siku hiyo, hatuwafichi.

Ndugu zetu wa mashirika, tunawashukuru kwa mipira. Safari hii hatuombi mipira. Tunaomba vibendera viwili, vipenga vitatu, na siku mbili za mafunzo kwa marefa vijana 8 waliojiandikisha, wasichana 3 miongoni mwao. Yule wa siku ile ni wa kwanza kwenye orodha.

Nyavu tutazishona wenyewe. Wavuvi wawili wameahidi kuja Jumamosi asubuhi na sindano zao. Kila timu ilete watoto wawili wa kushika kamba, na wazazi walioingia uwanjani siku ile, tunawajua, waje na nyuzi.