Injini Huonwa Ikiwa Baridi: Mada kwa Wanaonunua Magari Yaliyotumika



Wengi wenu mmefika hapa mkiwa mmekwisha kuchagua gari: Vitz, IST, wengine Noah ya kubebea abiria. Fomu za mkopo zimejazwa. Ombi langu ni moja: kabla ya kutoa hata kishika uchumba, kaioneni injini ikiwa imelala usiku kucha, na muwepo inapowashwa kwa mara ya kwanza.

Injini yenye joto huficha mengi. Nilimsindikiza jirani yangu kuangalia gari, saa nne asubuhi. Gari linang'aa. Nikaweka kiganja juu ya boneti: moto. Muuzaji akasema alilitoa kidogo kwenda kuliosha. Tukawasha, likanguruma vizuri, moshi hakuna. Tukaomba kurudi kesho yake saa kumi na mbili, kabla halijaguswa. Lilipowashwa, bomba lilitoa wingu la bluu, likakaa sekunde chache, likapotea. Oili ilikuwa imechuruzika usiku kupitia sili za valvu zilizochakaa, ikaingia kwenye silinda. Saa nne ile ya kwanza tusingeliona kamwe.

Kwa hiyo moshi usomeni kwa rangi na kwa wakati wake. Bluu ya asubuhi inayopotea, shukuni sili za valvu. Bluu inayotoka kila mkikanyaga mafuta, shukuni ringi za pistoni, na hapo mjue ovahoo inawasubiri. Mweusi ni petroli iliyozidi, mara nyingi kasoro nafuu zaidi. Mweupe unataka utulivu: Njombe asubuhi ya baridi kila gari hutoa mvuke, nao hukoma injini ikipata joto. Usipokoma, na maji ya rejeta yakawa yanapungua, yawezekana gasketi ya silinda hedi imeungua.

Kabla ya kuwasha, fungueni kifuniko cha oili mpitishe kidole kwa ndani. Utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa ni dalili ya maji. Gari la safari fupifupi laweza kuwa na unyevu kidogo hapo, basi chomoeni na kijiti cha kupimia. Ikiwa oili yenyewe imekuwa na rangi hiyo, ondokeni. Rejeta nayo ifungueni wakati huohuo wa baridi. Ya moto itawaunguza.

Linaloniumiza zaidi ni thamostati. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi wetu huing'oa na kumwambia mwenye gari kwamba nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Si kweli. Kifaa hicho, ambacho katika Toyota nyingi huanza kufunguka maji yakifika kama nyuzi 82, ndicho kinachoiweka injini kwenye joto lake la kazi. Kikitolewa, kompyuta ya gari hudhani injini bado ni baridi na kuendelea kuongeza petroli, huku chanzo cha kuchemsha kikibaki palepale. Endesheni dakika ishirini, kwenye foleni na kwenye barabara wazi. Mshale ukipanda kwenye foleni na kuanguka kwenye mwendo, au taa ya bluu ya injini baridi, kwenye magari madogo, ikirudi kuwaka, ulizeni thamostati iko wapi.

Kupima kwa kompyuta kunasaidia, ila makosa yaliyohifadhiwa hufutwa kwa dakika moja kabla hamjafika. Fungueni swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikianza kunguruma. Isipowaka kabisa, huenda imezimwa makusudi.

Mwisho, lipieni kipimo cha kompresheni. Katika injini nyingi za petroli za Toyota, silinda hazitakiwi kupishana zaidi ya baa 1. Gharama yake ni ndogo mno mbele ya rejesho la mwezi mmoja.

Muuzaji akikataa mrudi alfajiri, au akikataa fundi wenu aguse injini, msimlipe. Rudini na fedha zenu nyumbani.