Mapesa ya Hisani na Mtu Asiye na Dhamana

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, karakana ya reli)



Nimeombwa niseme juu ya mapesa ya matajiri yanayokopeshwa watu wasio na kitu. Sisi wa reli tunayo karatasi ya mshahara, na kwa karatasi hiyo mtu huweza kukopa katika chama cha akiba. Lakini mke wake auzaye mboga sokoni akienda benki ataulizwa, Hati ya shamba iko wapi? Hana. Basi hurudi mikono mitupu, ingawa yeye hulipa deni vizuri kuliko bwana wake. Msicheke, mnajua ni kweli.

Kunyimwa huku si kwa jana. Katika miaka ya 1950, sheria ya wakoloni hapa Kenya ilisema deni la Mwafrika lililozidi shilingi 200 lisidaiwe kortini pasipo idhini. Mwenye duka gani angemkopesha?

Huko Marekani, mwaka 1968, Ford Foundation, shirika lililoanzishwa kwa mali ya watengeneza motokaa, lilitenga dola milioni 10, si za kugawa bure, bali za kukopesha na kununua hisa, ili watu weusi na wengine waliofungiwa milango ya benki wapate biashara na nyumba. Sadaka huliwa mara moja. Mkopo ukirudi humfikia mwingine. Mwaka 2017 shirika hilo likaahidi kuweka hata dola bilioni 1 katika kazi za namna hii kwa miaka 10.

Katika Bangladesh, mwaka 1976, mwalimu Muhammad Yunus aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra jumla ya dola 27 tu. Kutoka hapo ikazaliwa Benki ya Grameen, mwaka 1983.

Mfano huo ulifika kwetu kwa mkono wa K-REP, iliyoanza mwaka 1984 kwa fedha za msaada kutoka Marekani, nayo ikawa benki mwaka 1999. Wakopaji waliungana watano watano, kila mtu akawa dhamana ya mwenzake. Hapa nasema wazi: mpango huu una uzito wake. Mtoto wa mmoja akiugua na fedha zikaenda hospitali, wanne hulipa, na urafiki wa miaka huvunjika kwa wiki moja. Matajiri hawako pale kusikia kelele hizo.

Tena tazameni Mexico. Compartamos ilianza mwaka 1990 kwa sadaka. Mwaka 2007 ikauza hisa, na wenye hisa wakapata zaidi ya dola milioni 400, wakati mama mkopaji alitozwa riba iliyopita 80 kwa mia kwa mwaka. Hisani ya namna hiyo sisi tungeiitia mgomo.

Ndugu zangu, watu wa mikopo wameomba kuonana na wake zetu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Waje. Lakini halmashauri iwaulize mbele ya wote: riba ya mwaka mzima, wala si ya mwezi, ni ngapi? Faida inakwenda kwa nani? Na wakopaji wana viti vingapi mahali pa kuamua? Jina la mtu lisiandikwe kabla ya majibu hayo.

Mwenye swali aulize sasa.