Urafiki Unaokuza

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mkunya)



Nimeombwa niseme machache juu ya urafiki. Urafiki wa kununuliana soda hauhitaji hotuba. Nataka kusema juu ya urafiki unaowakuza wote wawili, kwa sababu wengi wetu tuliokaa dawati moja miaka minne, leo tunatafutana penye msiba au penye shida ya fedha tu.

Wazee wetu wa Uwanda wa Makonde waliujua urafiki huo kwa kazi. Maji huku juu yalikuwa taabu. Akina mama waliteremka bondeni, wakapanda na mitungi kichwani. Mtungi uliojaa ni vigumu kujitwika mwenyewe, humtaka mwenzio. Lakini angalieni: aliyekutwika hakukubebea. Mwendo na mlima ni wako. Anayekupa majibu ya kunakili amekubebea, na siku akikosekana huna shingo wala miguu. Rafiki hukueleza hesabu mpaka uiweze, naye kwa kukueleza huielewa zaidi.

Mfano mwingine uko karibu nasi. Tarehe 26 Juni, 1959, mjini London, Mwalimu Nyerere na Padre Trevor Huddleston walisema katika mkutano mmoja wa kuhimiza watu wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Mmoja Mzanaki, Mkatoliki. Mwingine Mwingereza, Mwanglikana, tena amemzidi mwenzake miaka tisa. Mwaka 1960 Huddleston akaja kuwa Askofu wa Masasi, na urafiki wao ukadumu. Mwalimu alipata mwenzi wa kusema habari za Afrika huko Ulaya. Huddleston alipata nchi ya kujifunza uhuru ukijengwa. Mwaka 1968 aliondoka, na kiti chake kikakaliwa na Mtanzania, Askofu Hilary Chisonga. Afrika Kusini ilipopiga kura ya watu wote mwaka 1994, marafiki hao wawili walikuwa hai kuyaona matunda.

Ndugu zangu, najifunza mambo mawili. Kwanza, mficha uchi hazai. Usipomwonyesha mwenzio pale unaposhindwa, atakusaidiaje? Naye akikuambia kosa lako faraghani, usimnunie. Anayekusifu mbele ya watu na kukucheka nyuma ndiye wa kuogopwa. Pili, mpime rafiki siku unapompita. Akifurahi, mshike. Nawe ukipitwa, jipime vivyo hivyo. Pana watu wanaokupenda ukiwa chini tu, wapate kukuhurumia.

Wadogo zetu, chagueni mwenzi wa kusoma naye, anayeweza lile usiloliweza, nawe umpe unaloliweza. Sisi wakubwa, kabla ya kupanda magari kurudi Mtwara, Masasi na Dar es Salaam, kila mmoja amtafute mwenzake mmoja wa darasa lake. Asimwulize ana cheo gani. Amwulize: "Ndugu yangu, mtungi gani umekushinda kujitwika?" Kisha naye aseme wa kwake.