Dawa ya Kuua Mbegu si Kinga ya Maradhi



Katika mazungumzo juu ya uzazi wa majira, wako wanaosifu jeli, povu na vidonge vya kuwekwa ukeni kabla ya tendo la ndoa. Sifa hizo zina msingi. Dawa hizo hazina homoni, hazimzuii mama kunyonyesha, na mwanamke huzitumia kwa hiari yake. Lakini kizuri hakikosi ila, na ila ya dawa hizi haina budi ielezwe waziwazi.

Nyingi kati yake zina kemikali iitwayo nonoksinoli-9, ambayo hufanya kazi kama sabuni: huharibu utando wa nje wa mbegu ya kiume, nayo ikafa. Sabuni haichagui. Ikitumiwa mara nyingi, huchubua pia ukuta wa uke. Hapo hutokea mwasho, vidonda, na kwa wengine maambukizo ya njia ya mkojo.

Katika maabara kemikali hiyo iliua virusi vya Ukimwi, watu wakajawa na matumaini. Majaribio kwa binadamu yakatoa jibu jingine. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa Nairobi juu ya wanawake waliotumia sponji yenye dawa hiyo: hawakukingika, na vidonda viliongezeka. Mwaka 2002 yakachapishwa matokeo ya Afrika Kusini, Benin, Côte d'Ivoire na Thailand. Kati ya wanawake 376 waliopewa jeli yenye dawa, 59 waliambukizwa. Kati ya 389 waliopewa jeli isiyo na dawa hiyo, waliambukizwa 45. Waliodhurika zaidi ni wale walioitumia mara nyingi. Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mwanamke aliye katika hatari kubwa ya kuambukizwa asiitumie.

Hata kwa mimba, ngao hii ni nyembamba: kati ya wanawake 100 wanaoitegemea kwa mwaka mmoja, 21 hivi hushika mimba.

Ni wajibu wa kila aelimishaye umma kutenganisha mambo mawili: kuzuia mimba na kuzuia maradhi. Kondomu, ikitumiwa ipasavyo, husaidia yote mawili. Jeli haizuii maradhi. Mwenye kuona mwasho aache dawa, aende zahanati. Kumnyamazia ni kumwachia adhani amefunga mlango, kumbe ameufungua.